Shukrani ya Miche Arobaini

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na sita Mei, mwaka 2019, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Nkansah anaikumbuka saa hiyo kwa sababu alikuwa anasugua sufuria. Mwanamume wa miaka sitini na tatu, amechutama nyuma ya jiko lake mwenyewe, masizi yamempanda hadi viwikoni, ndipo wakaingia uani watu wawili wa serikali na kopo la rangi nyekundu.

Walijua kuchagua siku. Alhamisi ardhi inapumzika. Hakuna anayekwenda shamba, jembe halishikwi, panga linalala kwenye ala yake. Kwa hiyo Alhamisi kijiji kizima cha Apenkrom kiko nyumbani, wanaofua wanafua, wanaosukana wanasukana, na wenye ugomvi wa wiki nzima wanapata nafasi ya kuumaliza. Ukitaka kumkuta mkulima, njoo siku hiyo.

Watu hao walikuwa wanatafuta mikakao yenye ugonjwa wa uvimbe. Ukipatikana mti mmoja, unapigwa mstari mwekundu, unakatwa, na waliouzunguka wanakatwa pamoja nao, mzima na mgonjwa. Mashamba ya Apenkrom walikuwa wameshayapita wakayakuta safi. Ilikuwa imebaki miti ya nyumbani.

Na nyumbani kwa Nkansah palikuwa na mti.

Mti wenyewe ulikuwa wa Birago, mkewe. Aliupanda mwaka ule walioezeka bati. Alikaa kibarazani akifyonza ute wa kakao, akatema mbegu moja kiganjani, akaitazama, akaenda kuifukia nyuma ya jiko ikiwa imelala ubavu. Mbegu ya kakao haiwekwi, alisema, ikikauka imekufa. Toka hapo mti ukanyweshwa maji ya kuoshea vyombo, ukalishwa majivu na maganda ya ndizi, kuku wakauchimbulia shina hadi Birago akauzungushia mawe. Kila mwezi alipanda kigodani na kisu cha kumenyea mihogo akapunguza machipukizi, akiusemesha kama mtoto anayenyolewa. "Tulia. Tulia nikutoe hizi, upate hewa."

Chini ya kivuli chake ndiko alikokuwa na kitalu. Aliokota vifuko vya maji ya kunywa ambavyo watu hutupa njiani, akavitoboa kwa sindano, akavijaza udongo mweusi wa migombani, mbegu moja kila kifuko. Asubuhi alivinyunyizia kwa kopo lenye matundu. Nusu ya mashamba ya jirani yalikuwa na miti iliyoanzia pale, na Birago hakuwahi kudai hata yai.

Alikufa Juni ya mwaka uliotangulia. Tumbo lilimshika, wakamlaza juu ya magunia kwenye lori la mnunuzi wa kakao, wakafika mtoni, na daraja halipo. Daraja hilo limeahidiwa na wabunge watatu, na wa mwisho alikuja na mawe ya msingi akapigwa picha nayo, akaondoka nayo. Birago alikata roho upande wa huku, anaona taa za zahanati ng'ambo. Tangu siku hiyo Nkansah hakuwa na salamu kwa mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni.

Basi mkaguzi mwenye kopo aliposema, "Mzee, tunaomba tuutazame huo mti," Nkansah alisimama taratibu, maji ya masizi yakimchuruzika, akajiweka katikati ya mtu na mti.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Alhamisi, mzee. Hatukati. Tunatazama tu."

"Utashika jani?"

"Nitashika."

"Utakwangua gome?"

"Kidogo. Lazima nione ndani."

"Basi umeshakata. Ninyi mnaokula mshahara siku zote saba, hamjui kwamba ardhi nayo ina siku yake?"

Sauti yake haikuwa ndogo. Majirani wakajitokeza uani, wengine na sabuni mikononi. Badu Prako, jirani wa ukuta kwa ukuta na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alikuja na mswaki mdomoni.

"Bwana mkubwa," Badu akamwambia mkaguzi, "mvua ya mwaka huu ikikataa tutakuja kuichota kwako. Una kisima cha kututosha?"

Watu wakacheka. Mkaguzi akatazama saa yake. Akasema watarudi kesho, Ijumaa. Hawakurudi. Wenye nchi wakisema kesho, mtu mwenye akili anaendelea na kazi zake.

Walichelewa kumfikia Birago, wakawahi kuufikia mti wake. Ndivyo Nkansah alivyojiambia, na maneno hayo yalikuwa matamu kinywani mwake kwa muda wa dakika kumi hivi.

Kwa maana alikuwa anajua. Tangu Machi alikuwa ameona majani machanga yametoka na mishipa myekundu, kama macho ya mtu asiyelala. Matunda yalikuwa mafupi, ya mviringo, yanafanana na machungwa. Na kwenye matawi mawili ya chini mti ulikuwa umevimba, kama goti la mgonjwa. Alikuwa amejidanganya kwamba ni kiu. Mtu aliyelima kakao miaka arobaini hajui tofauti ya kiu na uvimbe?

Wageni walipotoka na majirani kurudi kwenye mabeseni yao, alichukua kisu cha Birago, akapanda juu ya kigoda cha Birago, akayakata matawi yale mawili. Mchana kweupe, Alhamisi. Aliyawasha jikoni, akainjika supu juu yake. Mtu aliyetoka kuwafundisha wenzake mwiko aliuvunja kabla sufuria haijakauka, na supu akainywa.

Lakini shida haikuwa mti peke yake. Chini ya mti, kwenye kivuli kile kile, kulikuwa na miche arobaini.

Aliiotesha mwenyewe mwezi wa kumi na mbili. Siku ya maziko alikuwa amesimama mbele ya wakwe zake, machozi yanamtoka, akatangaza kwamba mwaka ukitimia kila mtu atakwenda nyumbani na mti wa Birago. Watu walimsifu sana. Mwanamume kuotesha mbegu kama mkewe, wapi umeona? Wanawake walipita uani kila baada ya siku chache kuitazama miche na kumpa ushauri ambao hakuuomba. Sasa zilibaki wiki tatu. Aliinama akageuza jani moja, akakuta vijidudu vyeupe, vile vinavyobeba uvimbe kutoka mti hadi mti, kama unga uliomwagika, na sisimizi wanavichunga. Akageuza la pili. Akachukua sabuni na kitambaa, akaifuta miche arobaini, jani kwa jani, siku nzima, mpaka ikang'aa.

Uzuri ulioje wa miche ile. Kila mtu alisema.

Shughuli ya mwaka mmoja ilifanyika Jumamosi, watu wamevaa nyeupe na nyeusi, ngoma ikalia, nyama ikaliwa. Jioni aligawa. Ishirini alimpa Dwomoh, mdogo wa kike wa Birago, aliyekuwa na pengo la miti iliyozeeka upande wa juu wa shamba lake la ekari mbili. Ishirini iliyobaki ikaenda miwili miwili, mitatu mitatu, kwa majirani. Badu Prako alichukua minne na kusema mmoja ni wa mke ambaye hajamwoa.

Asubuhi yake Dwomoh akaja kushukuru.

Kwetu zawadi haijawa zawadi mpaka aliyepewa arudi kukicha na kusema asante mbele ya watu, na mkononi ana kitu. Ukishashukuru, na mtoaji akapokea, imekwisha. Yeye hana ruhusa ya kuidai, na wewe huna sababu ya kuirudisha. Dwomoh alikuja na kaka zake wawili, kuku mmoja, mayai sita, na chupa ya kijani ya jin, ile ya kuwamiminia mababu, shingoni ameifunga kitambaa cheupe alichokichana kwenye nguo aliyovaa jana.

Alipiga goti, mwanamke aliyekuwa hapigi magoti ovyo.

"Shemeji," alisema, "watu wanasema mke akifa, ukwe umekwisha. Wewe umekataa. Umetupatia dada yetu atakayesimama shambani. Tunakushukuru leo, na kesho pia tutakushukuru."

Hapo ndipo palikuwa pahali pake. Hakuna pahali pengine. Angesema tu, dada, subiri, kuna jambo. Nkansah alinyoosha mikono yote miwili akapokea chupa.

"Ifungue basi, tuonje," alisema Badu Prako. Nkansah akasema ataifungua baadaye, na watu wakadhani ni majonzi.

Hakuifungua. Aliitia kwenye sanduku la nguo za Birago, chini kabisa, akafunga.

Baada ya hapo Nkansah akawa msemaji. Mtu mwenye doa kwenye shati hukaa akionyesha madoa ya wengine. Kila mkutano wa wakulima alisimama kuwasema wakubwa, juu ya dawa iliyofika msimu umepita, juu ya mizani, juu ya daraja. Na mengi aliyosema yalikuwa kweli, ndiyo maana yaliuma. Hakuwahi kwenda shule zaidi ya darasa la tatu, lakini akiwashika wenye nchi kwa mdomo, hata wasomi waliweka kalamu chini. Njia ya kwenda shamba kwa Dwomoh hakuipita tena. Alizungukia mtoni, mwendo wa nusu saa zaidi, akasema magoti yanapenda tambarare.

Miaka mitatu ikapita, na uvimbe ukaingia Apenkrom.

Ulianzia kwa Dwomoh. Bibi shamba wao wakati huo alikuwa Esinam, binti mwembamba kutoka pwani kule Keta, ambaye watu walikuwa hawajamsamehe kwa kuzaliwa karibu na samaki. Alisema shamba lote la Dwomoh lazima likatwe, na ukanda wa majirani pia, la sivyo msimu wa pili yatakwenda mashamba yote. Dwomoh hakuwa na kitu kingine duniani. Na habari ikaenea kwamba ugonjwa umeletwa na miche ya serikali ambayo Esinam mwenyewe aliigawa mwaka 2020.

Mkutano uliitishwa Alhamisi, ndani ya ghala la mnunuzi wa kakao, watu wakakaa juu ya magunia. Barua ilikuwa imeshaandikwa na mwalimu. Ilitaka Esinam aondolewe, na ilisema hakuna mkataji atakayekanyaga Apenkrom. Ilikuwa inasubiri madole gumba.

"Binti," Badu Prako alianza, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Tunakuandikia tu ruhusa ya kwenda kwenu kuvua."

Kicheko kikapita magunia yote. Esinam alingoja kiishe.

"Baba zangu, mama zangu, miche yangu mliipanda bondeni. Nimepita bondeni mti kwa mti. Ni mizima. Ugonjwa umeanzia juu, kwenye mashimo ishirini ya lile pengo." Akamgeukia Dwomoh. "Mama, samahani. Ile ya pengoni ulitoa wapi?"

"Ile ni ya dada yangu," Dwomoh akasema. "Usiitie mdomoni mwako."

"Ilitoka kwa mzee Nkansah," akasema mtu wa nyuma. "Na ua wake mliukagua ninyi wenyewe. Au hukumbuki kwa sababu ulikuwa bado unanyonya?"

Esinam akafungua daftari la ofisi, akatafuta kwa kidole. "Ni kweli. Imeandikwa hapa. Tarehe kumi na sita Mei, 2019. Ua wa Yaw Nkansah umekaguliwa." Kidole kikafika mwisho wa mstari. "Hakuna mti."

Ghala likalipuka kwa kicheko. Hakuna mti, na mti wa Birago ulikuwa umelipita bati! Watu walipigana mabega, mzee mmoja akatoa kitambaa kujifuta macho.

"Mnaona wanavyoandika?" Badu alisema, akipumua kwa shida. "Hawa ndio wa kutuambia tukate! Nkansah, mwenzangu, njoo. Dole la kwanza liwe lako. Wewe ndiye uliyewajua mapema."

Kidau cha wino kilikuwa kimewekwa juu ya sahani ya mizani. Nkansah alisimama, watu wakampisha njia kwa heshima, na hiyo heshima ilimchoma kuliko kitu chochote. Waongo wale wa kopo walimwekea mlango wazi wa kupitia. Walidanganya, wakaandika, na uongo wao ulifunika wake kama kifuniko na chungu. Ilikuwa ni kuweka dole tu, aendelee kuwa mtu. Binti wa Keta angefungasha, mashamba yangekufa moja moja, na wenye nchi wangelaumiwa, nao wamezoea.

Alitazama dole lake. Lilikuwa lile lile lililofuta vijidudu vyeupe kwenye majani.

"Nakuja," akasema.

"Unakwenda wapi? Wino unakauka."

"Nakuja."

Alitembea hadi nyumbani, akafungua sanduku. Nguo za Birago bado zilikuwa na harufu ya sabuni yake, au alijidhania. Aliporudi ghalani watu walikuwa bado wanataniana, na walinyamaza mmoja mmoja kadiri walivyoona alichoshika. Akaiweka chupa ya kijani sakafuni, mbele ya miguu ya Dwomoh. Kitambaa cheupe shingoni kilikuwa kimegeuka rangi ya chai.

Dwomoh alitazama kifuniko. "Hukuifungua," akasema.

"Sikuifungua."

"Miaka mitatu nikajua umewamiminia mababu. Nikajua dada yangu amekunywa."

"Mti ulikuwa unaumwa, Dwomoh." Hakumwita shemeji, hakuona kama ana haki hiyo. "Niliona tangu Machi. Matawi yalivimba. Na miche ilikuwa na wadudu, nikawafuta kwa sabuni ili msiwaone. Nilikupa nikijua."

Nje mbuzi alikuwa anajikuna kwenye bati.

"Lakini Alhamisi ile," Badu Prako alisema, na utani ulikuwa umemtoka usoni kama mtu aliyevuliwa kofia, "ulituambia ni ardhi. Nilisimama na wewe. Nilikuja na mswaki mdomoni kusimama na wewe."

"Niliwatumia. Niliitumia na ardhi."

"Na matawi? Ulisema yalivimba. Yalikwenda wapi?"

"Niliyakata. Siku ile ile. Mlikuwa hamjamaliza kuanua nguo."

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Wengine waliosikia habari ya miche kwa utulivu walishindwa kuvumilia habari ya kisu. Mama mmoja alinyanyuka kwenye gunia karibu naye akahamia gunia la mbali, akivuta nguo yake isimguse. Miche minne ya Badu ilikuwa kwenye mpaka wake na wajomba zake, na ilionekana usoni kwamba alikuwa anaihesabu.

"Na wao walisema watarudi Ijumaa," Nkansah akaanza tena, sauti ikipanda kwa mazoea, "wangerudi, wangetimiza hata neno moja, hawa watu, si wangeukuta..."

Akajisikia. Ilikuwa sauti ile ile ya mikutano yote, sauti iliyokuwa ikipigiwa makofi. Safari hii hakuna aliyepiga. Alifunga mdomo, na uso ukamwaka kama mtoto aliyeshikwa na sukari shavuni.

Esinam hakuwa ameandika chochote. Kalamu yake ilikuwa imelala katikati ya daftari, juu ya yale maneno mawili. Barua ya mwalimu ilibaki juu ya mizani, wino pembeni yake, na hakuna aliyeigusa wala aliyeichana.

Dwomoh aliinama akaiokota chupa. Aliigeuza, akaipangusa vumbi kwa ncha ya nguo yake, akafungua fundo la kile kitambaa cheupe polepole kama anayefungua kidonda, akakiviringa kidoleni. Hakulia wala hakutukana. Wazee waliokuwapo walijua sheria ya shukrani ikirudishwa, kwamba aliyetoa anakwenda kuchukua chake, kiwe mbuzi, kiwe kiwanja, kama alivyokitoa. Lakini hakuna aliyewahi kuona zawadi ambayo mizizi yake ilikuwa imeshaingia ekari mbili za mtu, na za jirani yake, na za jirani wa jirani yake. Ndiyo maana alipouliza, waliinamisha vichwa wote, Nkansah wa kwanza.

"Shukrani yangu nimeipokea, shemeji," alisema Dwomoh. "Sasa zawadi yako utaichukuaje?"